Watu Kumi na Tatu Kati ya Kumi na Tano

Binti yangu alianza kunidanganya kwa hesabu akiwa na miaka kumi na moja. Ninasema kunidanganya kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na mimi ni mtu wa kusema nani alifanya nini. Kama angetumia machozi kama watoto wengine, ningemjua siku ya kwanza. Yeye alikuja na daftari.

Ilikuwa likizo. Alikuwa anasikiliza redio ya Bukavu, ambayo huku kwetu Mururu tunaipata vizuri kuliko za Kigali, maana sisi tuko juu ya kilima na wao wako pale mbele, ng'ambo ya maji. Mtangazaji alikuwa anasoma habari za uchaguzi wa nchi fulani. Akasema watu wameulizwa maoni yao, na wengi wanamtaka huyu kuliko yule. Binti yangu akaniuliza, "Maman, bale batu baliulizwa na nani?" Nikamwambia sijui, mimi tangu nizaliwe sijaulizwa kitu. Nilidhani yameishia hapo.

Siku mbili baadaye nilikuwa namenya mihogo nje ya nyumba. Akaja akasimama mbele yangu, miguu pamoja, daftari kifuani, kama mtu anayekuja kusoma risala.

"Maman, nimefanya kura ya maoni."

"Ya nini?"

"Ya nywele zangu. Nimeuliza nyumba zote kumi na tano. Kumi na moja banasema mutoto akiwa likizo aachiwe nywele. Tatu banasema zikatwe. Moja haina maoni."

Huku mtoto wa shule ananyolewa kichwa, msichana kwa mvulana, na mimi hata likizo nilikuwa namnyoa kwa sababu sina muda wa kusuka mtu. Nikamuuliza hiyo nyumba isiyo na maoni ni ya nani. Akanijibu kwamba maoni ya watu ni siri. Nikacheka, lakini wembe niliurudisha kwenye kopo. Nywele zake zikaota likizo nzima.

Hizo nyumba kumi na tano nizieleze. Kwetu kijiji kimegawanywa mafungu madogo ya nyumba, kila fungu na mkubwa wake, linaitwa isibo. Isibo yetu ina nyumba kumi na tano ukiacha yangu. Watu wa isibo moja wanajuana mpaka mlio wa kikohozi. Ukichinja kuku, nyumba ya kumi na tano inajua ulichinja jogoo au tetea.

Baada ya nywele, kura zikaendelea. Nyumba kumi zilisema sambaza, dagaa wa ziwa letu, waliwe mara mbili kwa wiki, si mara moja. Nyumba kumi na mbili zilisema paka ana faida katika nyumba yenye mahindi. Kila mara alichora mistari kwa rula na kupaka rangi, nyekundu kwa wanaokataa, bluu kwa wanaokubali, na bluu ilikuwa inapanda juu kama ukuta. Mimi nilisoma miaka minne tu, lakini ukuta mrefu na ukuta mfupi ninazijua. Paka akaja. Sambaza wakaongezeka.

Sasa mtu atauliza, mwanamke mzima anageuzwaje na daftari la mtoto, tena kwa maoni ya majirani? Hapo ndipo penyewe.

Mimi ni mtu aliyebaki. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nilikuwa na miaka kumi na miwili. Baba yangu na kaka zangu wawili waliuawa kwenye migomba chini ya barabara, na mama yangu siku mbili baadaye. Majina siandiki, lakini sitafichaficha. Aliyeonyesha walipojificha ni fundi matofali, ambaye nyumba yake iko pale njia inapokata kwenda kisimani. Aliyechukua mabati yetu ni yule wa duka, na mabati hayo yamo bado kwenye banda lake la mbuzi. Fundi matofali alifungwa, akatoka. Siku ya kuomba msamaha mbele ya watu alisema samahani kwa sauti ya mtu aliyekukanyaga kwenye foleni. Miaka kadhaa baadaye akafa kitandani kwake, amefunikwa blanketi. Baba wa binti yangu naye nimtaje hapahapa, ingawa kosa lake ni la aina nyingine: yuko Bukavu na mke mwingine, anaendesha pikipiki, ana afya.

Kwa hiyo mimi nilikaa na watu hawa bila kukaa nao. Kwenye kazi ya pamoja nilikwenda kwa sababu ni lazima. Kwenye njia nilipita nikitazama mbele. Niliambia kila mtu kwamba maoni yao kwangu ni kama moshi wa jirani, unapita.

Uongo. Nilikuwa ninataka kujua. Kila siku, nikichota maji, nikipanga nyanya, nilikuwa najiuliza wanasema nini kuhusu mimi wakiwa peke yao. Mtoto wangu alikiona kitu hicho kabla sijakiona mwenyewe, akakitumia kama mtu aliyeokota ufunguo.

Siku moja alileta kura ambayo hakuniomba kitu ndani yake.

"Watu kumi na tatu kati ya kumi na tano," akasoma, "banasema Maman ni muntu wa maana. Lakini banaogopa kumusalimia."

"Wanaogopa nini?"

"Sikuuliza. Kura ni swali moja tu."

Nilimwambia aende akalete maji. Baada ya wiki nikaanza kusalimu. Si wote. Nilianza na mama mmoja wa isibo yetu anayeuza mandazi penye njia ya kupanda Kamembe, ambaye alikuja hapa kutoka Congo baada ya vita, hana mkono wake katika mambo yetu. Siku ya kwanza nilipomsalimu aliacha mandazi ndani ya mafuta.

"Dada, kuna muntu amekufa?" akaniuliza.

"Hapana. Ninakusalimia tu."

"Aa. Karibu basi. Mimi nilizani umeleta habari mbaya."

Akanipa andazi lililoungua kwa sababu yangu. Kuanzia hapo tukawa tunaongea.

Kisha yakaja macho.

Kazi yangu ni nyanya. Ninanunua kwa wakulima wa Nkungu, ninazichagua, ninazipanga kwenye beseni, ninavuka daraja siku ya Jumanne na Ijumaa kuwauzia wanawake wa Bukavu. Kazi yote ni macho. Nyanya inayoanza kuoza ina doa kama ncha ya sindano karibu na kikonyo, na ukiiacha hiyo moja, jioni umeharibikiwa na kumi. Nilianza kuiacha. Kwanza moja, kisha nyingi. Mteja wangu wa zamani, mama mnene mwenye ulimi mkali, akaniinulia nyanya puani mbele ya watu wa daraja, akasema, "Maman, sasa unaniuzia supu?" Watu wakacheka. Nilicheka nao. Ile nyanya sikuiona. Niliona wingu jekundu.

Yalikuwa macho yote mawili, la kulia zaidi. Kama mtu amepaka uji kwenye kioo. Sikumwambia mtu, lakini mtoto anayekula na wewe huwezi kumficha. Jumanne moja aliamka akavaa nguo za nyumbani badala ya sare.

"Leo ninakusindikiza."

"Na shule?"

"Bamesema leo haiko."

Ilikuwapo. Alipanga nyanya kwa vidole vyake vidogo, haraka, akitupa mbovu bila kutazama mara mbili, na siku hiyo mama mnene hakusema kitu. Ijumaa akaja tena. Jumanne tena. Baada ya miezi miwili mwalimu akatuma karatasi: mtoto amekosa siku nyingi, na mwaka huu ndio wa mtihani wa kumaliza msingi, akiendelea hivi hataruhusiwa kuufanya. Karatasi hiyo alinisomea yeye mwenyewe, kwa sababu mimi sikuziona herufi. Alisoma yote. Hakuruka neno. Kisha akaikunja akasema, "Si kitu, Maman. Hata wewe haukumaliza."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu aliyeshakubali. Na mimi nikaona maisha yangu yanaingia ndani ya mtoto kama maji yanavyoingia kwenye kiatu. Mimi niliachishwa shule na wauaji. Yeye angeachishwa na mimi.

Wiki hiyohiyo likaja tangazo kwamba madaktari wa macho watafika hospitali ya wilaya kwa siku chache, wanapasua macho yenye wingu kama langu. Anayetaka ajiandikishe kwa mshauri wa afya wa kijiji chake. Mshauri wa afya ni mtu anayechaguliwa na wanakijiji. Anapima watoto, anagawa dawa za malaria, anaandika wajawazito.

Wa kwetu ni mjane wa fundi matofali.

Huyo mwanamke hakuua mtu. Nisimsingizie. Lakini baada ya mauaji, Jumapili moja, nilimwona anatoka kanisani amevaa kitenge cha mama yangu. Cha rangi ya njano, chenye ndege. Mama alikuwa amekipindia ukingo kwa uzi mweupe kwa sababu mweusi ulikuwa umeisha. Nilikuwa nimesimama ng'ambo ya barabara, na miaka yangu kumi na miwili, na niliuona ule uzi. Mumewe alionyesha njia. Yeye alivaa. Hilo hakuna mahakama iliyomuuliza, na hakuwahi kulisema. Basi mimi nimpelekee macho yangu yaleyale yaliyouona uzi, niseme, tafadhali dada, niandike?

Nikamwambia binti yangu, "Siendi."

"Kwa nini?"

"Siendi."

Hakubishana. Alijua kisa cha kitenge, nilishamwambia. Kesho yake, kabla jua halijazama, akaja na daftari.

"Maman, nimefanya kura."

"Sitaki."

"Nimeuliza nyumba zote kumi na tano. Kumi na tano zote banasema Maman apasuliwe macho. Hakuna hata moja ilikataa. Tangu nianze, haijatokea kumi na tano."

Akanifungulia ukurasa. Sikuona michoro. Nadhani ilikuwa bluu yote.

"Umeuliza lini?"

"Leo, kutoka shule."

"Nyumba zote?"

"Zote. Nyumba kwa nyumba."

"Na mzee wa mwisho, karibu na mtaro? Naye kasema?"

"Yeye njo alisema sana. Alisema hata kesho uende."

Mzee huyo alikuwa Nkungu kwa binti yake tangu mwezi uliopita, na ufunguo wa nyumba yake alikuwa ameuacha kwangu, unaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, kwa sababu mimi ndiye jirani asiyetembelewa na mtu, na ufunguo kwangu uko salama. Nikanyoosha mkono, nikautoa, nikauweka juu ya daftari lake.

Alikaa chini. Sikumpiga. Nilimuuliza swali moja.

"Hizo zingine? Nywele? Paka?"

"Sikuuliza muntu, Maman."

"Na zile nyumba kumi na tatu?"

Akalia. Hapo ndipo alipolia, si kabla.

"Nilitaka tu usalimiane na batu."

Niseme ukweli, uongo wa paka haukuniuma. Uliniuma ule wa kumi na tatu. Miezi mitano nilikuwa natembea kwenye njia ile nikijua watu kumi na tatu wananiona wa maana. Nilikuwa nimenyoosha mgongo kwa ajili yao. Kumbe nilikuwa nimenyoosha mgongo kwa ajili ya rula na kalamu ya bluu. Nilijiona mjinga mbele ya watu ambao hawakujua hata kwamba mimi ni mjinga. Hasira hiyo nilikaa nayo mpaka Jumamosi.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni kazi ya pamoja. Tulisafisha mitaro ya maji juu ya barabara. Kazi ikiisha watu wanakaa kwenye nyasi, kila isibo peke yake, mkubwa wake anasoma matangazo, na mwisho anauliza kama kuna mwenye neno. Mambo yote huku yanaamuliwa kwa kunyoosha mkono, kila nyumba mkono mmoja. Ng'ombe aliyekula mahindi ya mtu, mkono. Nani atashika ufunguo wa bomba, mkono.

Yule mjane alikuwapo na daftari lake la kazi, anazunguka isibo moja baada ya nyingine kwa sababu orodha ya macho ilikuwa inafungwa siku hiyo. Akauliza kwa upole kama kuna mwingine mwenye shida ya macho. Mkubwa wetu akauliza, "Nani ana neno?"

Nikasimama. Miaka yote hiyo sijawahi kusimama.

"Mimi nina neno," nikasema. "Mutoto wangu amekuwa akiniambia nyie munasema hivi, munasema vile. Munasema paka, munasema nywele. Amenidanganya. Sasa ninauliza mwenyewe. Mimi macho yangu yanakufa. Anayesema nipasuliwe, anyooshe mukono. Nione."

Nilifikiri nini? Nilifikiri hakuna atakayenyoosha. Nilitaka mtoto aone kwa macho yake kwamba hatuna watu. Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yake niliyomtengenezea, na sasa nikiiandika naona ilikuwa adhabu kubwa kuliko kosa.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo kwa hasira sikulifikiria. Nilisimama pale, nikasema nione, na sikuona kitu. Kijani cha nyasi, na juu yake mafungu meusi. Mkono na bega na tawi la mti, yote kitu kimoja. Watu wamekaa wananitazama, mimi natazama uji. Sekunde zikapita.

Ikabidi nimuite. Hakukuwa na mwingine.

"Hesabu," nikamwambia. Alikuwa nyuma yangu na jembe letu.

Alikuja akasimama pembeni, akashika kidole changu kama tukiwa darajani. Nikamsikia anahesabu kwa midomo. Nikasema moyoni, huyu sasa atasema kumi na nne. Atasema wote. Ana kila sababu.

"Saba, Maman," akasema.

"Saba kati ya ngapi?"

"Kumi na ine. Mzee hayupo."

"Na wengine?"

"Benye kubaki banaangalia chini."

Saba. Nilirudia kichwani. Kura zake zote hazikuwahi kuwa ndogo hivyo, na ndiyo maana niliiamini. Watu saba wenye mikono ya kweli. Mama wa mandazi nilimjua bila kuambiwa, kwa sababu alikuwa anasema peke yake, "Mimi ninyooshe hata miwili."

"Na yule?" nikamuuliza binti yangu polepole. Alijua ninayemuuliza.

"Hajanyoosha. Anaandika."

"Anaandika nini?"

Mjane akajibu mwenyewe, kutoka upande wa kushoto, karibu kuliko nilivyodhani.

"Ninakuandika wewe. Orodha inafungwa saa sita. Jina ninalo. Miaka yako ni mingapi?"

Nikageukia ile sauti.

"Miaka yangu unaijua," nikasema. "Ule mwaka nilikuwa na kumi na miwili. Hesabu."

Nilisikia kalamu imesimama. Kisha nikasikia pumzi yake, na akaanza kuhesabu kwa sauti ya chini, mwaka mmoja baada ya mwingine, tangu ule, mpaka alipofika kwenye huu. Ilichukua muda. Hakuna aliyemsaidia na hakuna aliyeondoka. Alipomaliza akataja miaka yangu, na ilikuwa sahihi, akaiandika.

Sikumshukuru. Ninaliandika hilo ili alijue kama atasomewa maneno haya.

Tukishuka kwenda nyumbani mama wa mandazi alitufikia, anahema.

"Dada, bale banaangalia chini usibachukie. Balizani unabatega. Muntu hasemi na wewe miaka yote, halafu anasimama na kuuliza mikono, si utafikiri kuna polisi nyuma ya muti?"

Binti yangu akaanza kucheka. Nikamfinya kidole, akaendelea. Mwisho nikacheka na mimi, kidogo.

"Saba si mubaya, Maman," akaniambia. "Kwenye redio kuna watu banachaguliwa na chini ya hapo."

"Wewe usiniongelee kura tena mpaka uzeeke."

"Sawa."

Hospitali sitaieleza yote. Walinipasua la kulia kwanza, wakalifunika, na kwa kuwa la kushoto nalo lilikuwa wingu, nilikaa siku nzima sioni chochote, nimelala kati ya wazee wa Bugarama waliokuwa wanabishana kuhusu mpunga. Niliogopa. Nilikuwa sijawahi kulala katikati ya watu nisiowajua bila kuona mlango uko wapi. Binti yangu alikuwa ameomba ruhusa ya siku mbili, za mwisho, alimwahidi mwalimu hivyo. Alikaa kwenye mkeka kando ya kitanda, na kila nikishusha mkono nilikuta kichwa chake. Niliushusha mara nyingi kuliko nitakavyokubali nikiulizwa.

Asubuhi muuguzi akatoa bandeji. Aliniambia nifungue jicho taratibu. Kitu cha kwanza nilichoona ni kifungo cha koti lake, cheupe, chenye matundu manne, na uzi ukipita ndani yake. Nilihesabu matundu yale mara mbili. Kisha nikamtazama mtoto.

"Jino lako la mbele limevunjika lini?"

Akafunika mdomo.

"Miezi tatu sasa, Maman. Bombani."

"Hukuniambia."

"Nilifikiri umeona."

Miezi mitatu nilikuwa nakula na mtoto mwenye jino lililokatika pembe, na sikujua. Nilimshika kidevu nikamgeuza kwenye dirisha. Alikuwa na kovu jipya juu ya nyusi, na masikio ya baba yangu. Hilo la masikio nilikuwa nimelisahau, au pengine yalikuwa yamekua wakati wingu liko. Nilimtazama mpaka wazee wa mpunga wakanyamaza, na mmoja akasema, "Mama, mutoto hatakimbia, kunywa chai." Nikanywa chai. Ilikuwa chai ya hospitali, maji na sukari, na nikaimaliza yote, mwili wote umelegea kama mtu aliyeshushiwa mzigo kichwani na bado shingo haijaamini.

Baada ya wiki mbili mjane alikuja kuangalia kama ninatia dawa ya matone ipasavyo. Ni kazi yake. Sikumkaribisha ndani. Alisimama mlangoni na mimi nikasimama mlangoni. Siku zote nilikuwa ninautaka uso ule, niuone vizuri, karibu, mchana. Nilitaka nione kitu. Niliona bibi mwenye mifuko chini ya macho na kidoa cha unga kwenye shavu, naye la kwake la kushoto linaanza kuwa jeupe.

"Unatia mara ine kwa siku?" akauliza.

"Mara nne."

"Na kunawa mikono kwanza?"

"Ninanawa."

Akaandika. Alitaka kusema kitu, nilimwona mdomo unafunguka, na kama ni kitenge sijui, maana aliufunga. Nikamwambia jicho lake la kushoto linataka daktari, ajiandike na yeye. Hiyo ndiyo yote aliyoipata kwangu, na ni zaidi ya nilivyokusudia. Kosa la kitenge liko palepale. Lakini sasa nikipita kwenye njia ya kisimani sigeuzi uso, kwa sababu ninaona ninapokanyaga.

La kushoto lilipasuliwa miezi michache baadaye. Mtihani mtoto aliufanya. Mwalimu alimpa nafasi, kwa sharti asikose hata siku moja, na hakukosa.

Jumanne ya kwanza niliyokwenda peke yangu, nilitoka asubuhi tukiwa wawili. Penye njia panda yeye akashika ya shule na sare yake, mimi nikashika ya daraja na beseni. Aligeuka mara mbili kuniangalia. Nilimpungia mkono wa kumfukuza. Darajani mama mnene aliinua nyanya zangu moja moja kwenye mwanga, akatafuta, akatafuta tena, akaziweka chini bila neno na akanunua beseni zima. Saa tano nilikuwa nimesharudi nyumbani. Hakukuwa na kitu cha kufanya. Nilitandika mkeka sebuleni, nikaacha mlango wazi kwa ajili ya upepo, nikalala mchana kweupe mpaka mtoto alipotoka shule na kuniamsha kwa kuuliza kama ninaumwa.

"Hapana," nikamwambia. "Nilikuwa nalala tu."